Swali la Tatu la Nyumba ya Ziwani

Bemidji, Minnesota
Ijumaa, 11 Mei 2018

Kwa Bi Corinne Abeyta, siku ya kustaafu kwake

Mheshimiwa Jaji Ostby; Bwana Quam na mawakili wote wa wilaya hii; ndugu wageni waalikwa; binti yangu Signe, uliyeketi nyuma karibu na mlango kama baba yako alivyopenda kuketi; na wewe, Corinne, ambaye leo tumekukataza kuosha hata kikombe kimoja: habari za jioni.

Jina langu ni Marlys Tollefsrud. Nimepika katika shule ya msingi ya hapa kwa miaka ishirini na sita, na watu wengi kiasi hiki nimezoea kuwaona wakiwa wameshika sahani. Mkiona mikono yangu haitulii, inatafuta mwiko tu.

Watu husimama katika kumbi kama hizi wakijivunia ndoa zao. Mimi naomba ruhusa yenu nijivunie talaka yangu.

Mwaka 2006, mimi na mume wangu Verlyn tulikubaliana kuachana. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyekimbia na mtu. Tulikuwa tumenyamaziana tu, mpaka ukimya ukatushinda. Signe alikuwa na miaka tisa, na tulimwahidi kwamba hakuna mtu atakayemkalisha kitini na kumwuliza anamtaka nani kati yetu. Ahadi hiyo ndiyo iliyotupeleka kwa Corinne badala ya mahakamani.

Mawakili mnalijua jambo hili, lakini wapo majirani zangu hapa wasiolijua. Tuliketi wanne katika meza moja: mimi na wakili wangu Corinne, Verlyn na wakili wake Bwana Quam. Siku ya kwanza tulitia saini karatasi inayosema kwamba kila kitu kitasemwa wazi mezani, na kwamba mmoja wetu akienda mahakamani, mawakili wote wawili wanajitoa, nasi tunaanza upya na watu wengine. Ni wakili gani anayetia saini kwamba ugomvi ukinoga yeye anaondoka? Mama yangu aliposikia alisema, "Huyo si wakili, Marlys, huyo ni mchungaji. Mpelekee kuku."

Tulikwenda vizuri miezi mitano, mpaka tukafika kwenye nyumba ya ziwani. Ni vyumba viwili vya mbao alivyojenga baba yake Verlyn. Mlango haufungi vizuri, na choo kiko nje. Niliitaka. Niliitaka kwa sababu Signe alijifunza kuogelea pale, na, niseme kweli, kwa sababu nilijua Verlyn anaipenda kuliko mimi.

Corinne akamwuliza, "Verlyn, nyumba ya ziwani unaitaka?"

"Hapana, achukue tu Marlys."

Bwana Quam, aliyekuwa na mafua mabaya siku ile, akamwinamia. "Una hakika, rafiki yangu?"

"Haina neno."

Corinne akaandika.

Ninyi mliozaliwa hapa mmeshaanza kucheka. Mtu wa kwetu akikaribishwa kahawa hukataa. Akikaribishwa tena hukataa. Ya tatu ndiyo karibu yenyewe, na hapo atasema, "Basi, kidogo tu," kisha amalize birika. Dakika kumi kabla, mezani pale pale, Verlyn alikataa keki yangu ya limau mara mbili, halafu akala vipande vinne. Corinne alikuwa amehamia kutoka New Mexico, ambako, anasema, mtu akisema hapana ni hapana. Angejuaje? Bwana Quam amezaliwa hapa, lakini aliniambia baadaye, "Nilidhani mbele ya mawakili watu husema wanachotaka." Mimi nilijua. Nilimwona Verlyn akingojea swali la tatu, nikanywa kahawa yangu.

Siku nne baadaye Corinne alinipigia simu jikoni shuleni.

"Marlys, Verlyn anataka kwenda mahakamani kwa ajili ya nyumba ya ziwani. Sielewi. Si alikataa mwenyewe?"

"Alikataa mara mbili tu," nikasema.

"Mbili tu maana yake nini?"

Nikamweleza. Nyuma yangu makaroni yakachemka na kumwagika.

"Ulijua, siku ile?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Alisema, "Nilitakiwa kuijua meza yangu, nami sikuijua. Kosa hilo ni langu. Lakini siwezi kuandika jambo ambalo sasa najua hakulikusudia. Jumanne utamwuliza wewe, au tutafunga mafaili, na Signe ataulizwa na watu wasiomjua."

Nimetunza maneno hayo miaka kumi na miwili. Ni wakili gani mwingine angemwambia mteja wake, "Kosa ni langu," wakati kosa kubwa lilikuwa la mteja?

Jumanne Verlyn alikuja amevaa koti lake la mazishini, kwa hiyo nilijua amekuja kuaga.

"Verlyn," nikasema, "nyumba ya ziwani unaitaka?"

Akatazama dirishani. "Si tulimaliza hilo?"

"Nakuuliza mara ya tatu."

Bwana Quam aliacha kupenga kamasi. Verlyn alijikuna shingo muda mrefu, kisha akasema, "Basi, kama haikusumbui."

"Inanisumbua sana," nikasema. "Lakini ni yako."

Akacheka. Ilikuwa miaka mingi sijamsikia akicheka. Halafu akasema, "Kila Julai wewe na Signe mje wiki moja. Mimi nitalala kwa kaka." Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Mara ya tatu nikakubali; na, ndugu zangu, alikuwa anafurahia kabisa, huyo bwana.

Nilikwenda kila Julai, miaka kumi na moja. Aliniachia kuni zilizopasuliwa, na karatasi ukutani: "Mlango usukume kwa goti."

Oktoba iliyopita moyo wake ulichoka. Hospitalini muuguzi aliuliza mimi ni nani wa mgonjwa, na Signe akajibu, "Ni mama yangu. Ni wa kwetu." Nilimpa Verlyn supu, akakataa. Nikampa tena, akakataa. Mara ya tatu akafungua kinywa. Kijiko kimoja tu. Nadhani ni kwa heshima. Kisheria mimi si mjane wake, lakini kanisani siku ya kumzika tuliketi benchi moja na ndugu zake wote, na hakuna aliyesogea kunikwepa. Signe hajawahi kuulizwa anamtaka nani. Je, nisijivune?

Corinne, tangu mwaka ule kila jambo mezani kwako huulizwa mara tatu. Vijana wa ofisini wananung'unika, na Bwana Quam anaapa uliwahi kumwuliza mara tatu kama anataka kuegesha gari kivulini. Endelea hivyo hivyo. Zawadi yangu ni keki ya limau, na nyingine Signe ameishika mkononi: ufunguo wa nyumba ya ziwani, aliyoachiwa na baba yake. Wiki ya kwanza ya Julai ni yako. Usikatae sana, choo bado kiko nje.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu jioni hii. Nanyi mnaobaki na meza ile, kila mkimwuliza mtu mara ya tatu, mkumbukeni Verlyn, aliyekuwa akingojea.