Dawa Iliyoponya Kisahani

Akina mama, someni haya yaliyompata Nyanjige wa Kiloleli. Kwenye Hiace ya kutoka Nyashimo kwenda Bariadi alihama kiti ili akae na Muzdalifa, binti mwenye madaftari. Tangu mumewe aondoke hakuwa na wa kumsimulia habari za Kabula, mwanawe mwenye sikoseli, aliyemwacha kitandani akiumwa miguu. Akamtolea karatasi ya Kiingereza aliyopewa na muuza unga wa majani ya dawa. Alikuwa ameitia plastiki, kama cheti cha ndoa.

"Nisomee, binti yangu. Ni utafiti huo, umechapishwa."

Muzdalifa akasoma taratibu. "Kweli, mayu, mama yangu. Chembe za damu zilizopinda ziliwekewa dawa hii, zikarudi kuwa duara."

"Nilijua! Vidonge vya kliniki nilivitupa mwezi uliopita. Sasa naenda kuongeza unga."

"Ulivitupa? Mayu, hizo chembe zilikuwa kwenye kisahani cha maabara! Hakuna mtu aliyepewa. Watafiti wenyewe wameandika hapa mwisho."

"Damu ya kisahani si ilitoka kwa mtu?"

"Ilitoka, lakini huyo mtu hakuinywa dawa."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Bado."

"Basi nyamaza."

Muzdalifa akafungua daftari lake, na Nyanjige akatamani angeendelea kumsemesha.

Stendi ya Bariadi wote wakateremka. Nyanjige hakuinuka kwenda kununua unga. "Konda, mnarudi Nyashimo saa ngapi?"

"Tukijaza, mama."

Akageuka kutazama viti, akimtafuta Muzdalifa. Alikuwa peke yake.