Mwalimu Perpetua Adeng Mawien wa Shule ya Gurei Juu, 1981–2025

Baba Paroko, Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi wa Gurei Juu, majirani wa Atlabara, jamaa zetu mliotoka Tonj na mliotoka Kenya, poleni sana, na asanteni kwa kufika. Mimi ni Santino Mawien, mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Ninasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulia Kakuma, na wenzake waliotoka Uganda wanaifahamu, na Mwalimu Mkuu Gaetano Wani atawaeleza kwa Kiarabu cha Juba wale watakaokosa kitu. Nawaomba mnivumilie, kwa kuwa tarehe nyingi zilizomo humu sikuwa nazo, nimezipata wiki hii kwa walimu wenzake, na mtaelewa huko mbele kwa nini ndugu wa tumbo moja alilazimika kuuliza watu wengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Agosti 1981 huko Thiet, karibu na Tonj, mtoto wa kwanza wa Mzee Mawien Lual na Mama Ayen. Baba yetu alikufa vitani mwaka 1991, na mwanzoni mwa mwaka 1993 mama alituchukua sisi wawili tuliobaki, tukatembea, tukapanda malori, tukalala njiani siku ambazo sikumbuki idadi yake, tukaingia kambi ya Kakuma mwezi wa tano, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja na mimi mitano, na sehemu kubwa ya safari hiyo mimi nilikuwa mgongoni mwake.

Alisoma shule ya msingi pale kambini, darasa la watoto tisini waliokaa mchangani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, parokia ikamdhamini kwenda shule ya sekondari ya wasichana karibu na Kitale, alikosoma kuanzia Februari 1998 hadi Novemba 2001. Aliniambia baadaye kwamba siku ya kwanza aliyoingia maabara ya shule ile, akaona meza ndefu zenye mabomba ya maji na chupa zimepangwa kwenye rafu, alisimama mlangoni mpaka mwalimu akamwuliza kama amepotea. Aliingia chuo cha ualimu mwaka 2003, akahitimu stashahada ya kemia na biolojia mwaka 2005. Mama yetu alifariki Kakuma tarehe 19 Septemba 2004, wakati Adeng yuko chuoni, na kutoka siku hiyo yeye ndiye aliyenilea, ndiye aliyesaini karatasi zangu za shule pale palipoandikwa mzazi.

Tulirudi Juba mwezi wa pili mwaka 2008, na tarehe 6 Aprili 2009 serikali ikampeleka kufundisha shule mpya ya sekondari ya Gurei Juu, ambako alifanya kazi miaka kumi na sita, kwanza mwalimu wa kemia, na kuanzia 2014 naibu mwalimu mkuu anayeshughulikia masomo. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo wa 2009 alifunga ndoa na Bwana Marino, na waliishi pamoja Atlabara hadi Julai 2012, Marino alipopata nafasi ya kwenda Australia, akaenda, akasema atamwita karatasi zikikamilika. Alipiga simu kila Jumapili, halafu kila mwezi, na kutoka mwaka 2015 hakupiga tena. Ndoa ile haikuvunjwa na mtu, ilinyamaza tu. Hawakujaliwa watoto. Watu wamenishauri niseme hapa kwamba wanafunzi ndio waliokuwa watoto wake, lakini yeye mwenyewe hakuyapenda maneno hayo, alisema mwanafunzi ana mama yake nyumbani, na hakuna haki ya kumwibia mwanamke mwingine mtoto kwa sababu ya kumfundisha kemia.

Kazi yake ni ndefu, na wengi hapa mnaijua kuliko mimi. Shule ilipoanza ilikuwa na madarasa manne ya matofali na rakuba tatu, yaani vibanda vya matete, na mvua ikinyesha wanafunzi wa rakuba walihamia ndani wakasimama ukutani wakiandika. Leo ina madarasa kumi na mawili, kisima chenye pampu, vyoo vya wasichana ambavyo milango yake inafungika kwa ndani, jambo ambalo Mwalimu Gaetano anasema dada yangu alilipigania miaka mitatu, akiandika barua baada ya barua kuhusu komeo, mpaka ofisini wakamwita Mama Komeo. Maktaba ni kontena la chuma, kwa hiyo hufunguliwa asubuhi tu kabla jua halijaligeuza kuwa jiko. Maabara ni chumba kimoja chenye meza sita, darubini moja na sinki moja, na walimu wananiambia kwamba sinki hilo lilipotoa maji mara ya kwanza, tarehe 3 Machi 2017, Adeng alinawa mikono, akafunga bomba, akafungua tena, akanawa tena.

Kuhusu masomo, wanafunzi waliingia Senior One wengine wametoka Khartoum waliposoma kwa Kiarabu, wengine Kenya, wengine Uganda, wengine vijijini ambako shule ilikuwa imefungwa kwa vita, na wote walitakiwa wasome kwa Kiingereza hisabati, fizikia, kemia, biolojia, jiografia, historia, uraia, dini na kilimo, kisha Senior Three wachague sayansi au sanaa. Adeng aliandika majina ya vitu vyote vya kemia kwenye karatasi kubwa za manila kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, akazibandika mpaka kuta zikaisha. Mtaala mpya ulipokuja alikaa na walimu likizo nzima wakiusoma somo baada ya somo. Na maadili ya shule hayakuwa hotuba, aliyaandika mwenyewe kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa ofisi, mistari mitatu: Usinakili. Uliza. Kaa na yeyote. Huo wa tatu ulikuwa sheria kabisa, kila muhula wanafunzi waliokota namba kwenye kikopo ili wajue wanakaa wapi, ili asiwepo anayekaa na watu wa kwao peke yao.

Julai 2016, risasi zilipolia mjini, mimi na mke wangu na binti yetu Achol, ambaye mke wangu alinijia naye akiwa mtoto mdogo nikamlea kama wangu, tulikimbilia Arua, Uganda. Nilimpigia simu Adeng kila siku, akasema anakuja, anamalizia jambo, na baada ya wiki tatu nikajua haji, kwa sababu alikuwa ameshafungua darasa lenye wanafunzi kumi na tisa. Nilikasirika, lakini hiyo ilikuwa hasira ya kawaida ya ndugu, tuliporudi ikaisha.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kuruka, na wazee walisema niruke.

Desemba 2018 binti yangu Achol alikuwa Senior Three pale Gurei Juu, na sheria ya shule ni kwamba asiyefaulu mtihani wa mwisho wa mwaka haendi Senior Four. Achol alianguka masomo matatu. Alhamisi tarehe 13 nilikwenda ofisini kwa dada yangu, Mwalimu Gaetano akiwepo, nikamwambia, "Adeng, huyu ni mtoto wako."

Akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo atarudia."

Nikamwambia watoto wa wakubwa wanapita. Akafungua daftari la matokeo, akaligeuza upande wangu, akasema, "Nionyeshe mmoja." Sikuweza kumwonyesha hata mmoja, na badala ya kunyamaza nikasema, "Wewe huna mtoto, hutajua."

Mwalimu Gaetano alisimama akasema, "Malesh, malesh, jamani," akituomba tusameheane. Dada yangu alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. Akasema, "Kemia amepata arobaini na moja, Santino. Mwezi wa pili mlete."

Sikumleta. Nilimpeleka shule nyingine iliyokubali kumwingiza Senior Four, akafanya mtihani wa taifa, akaanguka, na hilo pia nikamlaumu Adeng. Niliwakataza watu wa nyumba yangu, mtaa wa New Site, kumtaja. Mwaka 2021 tulikutana soko la Gurei, mbele ya muuza vitunguu, akasema, "Santino," nikapita. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya usafirishaji Malakal, narudi nyumbani kila baada ya miezi mitatu, na sikujua kwamba Achol alikuwa amekwenda mwenyewe kwa shangazi yake, akaomba kuanza Senior Three upya, akakubaliwa, akapewa namba kwenye kikopo kama wengine. Nilijua siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka naye amefaulu. Mke wangu alinieleza yote akiwa amesimama mlangoni, tayari kwa makelele yangu. Sikupiga makelele. Siku ile ndiyo ningepaswa kwenda Atlabara, na niliona aibu, nikasema nitakwenda Pasaka, nikasema nitakwenda Krismasi, na aibu ilizidi kuota mizizi kila sikukuu iliyopita.

Ugonjwa ulianza mwaka 2024, shinikizo la damu, kisha figo. Machi mwaka huu alianguka maabara, na Mwalimu Okumu wa fizikia, mtu wa Uganda, alimpeleka hospitali kwa bodaboda akiwa amemshika kwa nyuma. Adeng hakutuambia. Alilazwa tarehe 9 Oktoba, na Jumamosi tarehe 18 nikapigiwa simu na namba nisiyoijua, Mwalimu Okumu akasema, "Mwalimu iko hospitali siku tisa. Daktari nauliza ndugu. Wewe ndugu iko wapi?"

Nilifika mchana. Nilikuta jirani yake, Mama Cissy mwenye duka pale Atlabara, amekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji. Adeng alinitazama, nikaanza kusema, akainua mkono kama alivyozoea kumfanyia mwanafunzi anayeanza kujitetea, akasema, "Kaa." Nikakaa. Akauliza Achol anaendeleaje chuo kikuu, kemia anapata ngapi. Nikamwambia sabini na mbili. Akasema, "Anaweza zaidi."

Jioni hiyo Mama Cissy alinieleza jinsi dada yangu alivyoishi. "Kila jioni yeye nakuja dukani nanunua kiberiti," alisema. "Kila siku, kiberiti moja. Mimi najua yeye hapana taka kiberiti. Yeye nakuja kukaa tu. Mimi nampa kiti." Jana tumefungua nyumba yake, na chini ya kitanda kuna katoni mbili za viberiti ambavyo havijafunguliwa.

Jumatatu tarehe 20 nilimwambia, "Adeng, yale maneno ya ofisini."

Akasema, "Niliyasikia, Santino. Yaliniuma." Kisha akaniomba nimgeuzie mto upande wa baridi. Hakusema amenisamehe, na sitasimama mbele ya jeneza lake niseme alisema. Niliugeuza mto.

Alifariki Jumanne tarehe 21 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Mimi nilikuwa nimetoka kutafuta dawa, na aliyekuwa naye ni Mama Cissy, ambaye anasema hakuhangaika.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao walimwita Mwalimu mpaka dakika ya mwisho, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake. Namshukuru Mama Cissy kwa kiti, sina neno kubwa zaidi ya hilo. Nawashukuru majirani wa Atlabara, Mwalimu Gaetano Wani, Mwalimu Okumu aliyetafuta namba yangu kwa siku tatu, walimu wote, na wanafunzi wa Gurei Juu ambao tangu alfajiri wamechimba kaburi hili kwa zamu, wakipokezana majembe bila kuulizana nani ametoka wapi. Na binti yangu Achol, nakushukuru mbele ya watu, kwa sababu ulikwenda kwake wakati baba yako alishindwa.

Mwalimu Mkuu ameniomba nitangaze jambo moja. Mtihani wa kemia wa Senior Three utafanyika Jumatatu saa tatu, kama ulivyopangwa. Karatasi ya maswali aliitunga marehemu kabla ya kulazwa, iko ofisini ndani ya bahasha iliyofungwa, ina sahihi yake.

Kusahihisha atasahihisha Mwalimu Okumu. Wewe pumzika, dada yangu.