Mwalimu wa Punje Moja: Maisha ya Marehemu Hilaire Sebarenzi

Yasomwa na mdogo wake, Athanasie Nyiransabimana, kaburini Itebero, Jumatatu tarehe 30 Novemba 1959

Ndugu wa Itebero, ndugu wa ng'ambo ya mto, na ninyi mliokuja kwa miguu kutoka Mubi, asanteni kwa kunyamaza. Marehemu hakupenda kelele mtu akisoma. Kazi hii waliombwa wanaume kabla yangu, na kila mmoja aliogopa kuukwaza upande mmoja wa mto. Mimi sina upande hapa, kesho kutwa narudi Muheto kwenye shamba langu, kwa hiyo nitasema yalivyokuwa.

Hilaire Sebarenzi alizaliwa Muheto, katika vilima vya Masisi, tarehe 14 Machi 1916. Alikuwa kifungua mimba wa Papa Paul Sebarenzi na Mama Françoise, wakulima wa maharagwe na mahindi. Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili. Tangu utotoni, yeye ndiye aliyepewa mwiko wa kugawa chakula, kwa sababu hakuna aliyemnung'unikia. Aligawa sawasawa, akijiweka wa mwisho, na mara nyingi zamu yake ilipofika chungu kilikuwa kimekwisha. Mama alikuwa akisema, "Huyu mutoto atakufa na njaa na mwiko iko mukononi."

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1926, akahitimu ualimu mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha palepale Muheto. Alipenda hesabu kuliko dini, ingawa hilo hakuwahi kumwambia padri. Angeweza kuzeeka kwenye kilima kile, akaoa jirani na kuzika wazazi wake kwa mikono yake. Kilichomwondoa ni uchaguzi.

Ilikuwa mwaka 1941. Wanaume wa Muheto walikuwa wanachagua mkubwa wa kanisa, na desturi yao ilikuwa kwamba wagombea wanasimama uwanjani, na kila mwanaume anajipanga nyuma ya yule anayemtaka. Njia hiyo ni rahisi na haina wizi, maana kila mtu anaona. Ubaya wake ni huohuo, kila mtu anaona. Mgombea mmoja alikuwa tajiri aliyeazimisha mashamba nusu ya kilima, baba yetu akiwa mmoja wa walioazima. Wa pili alikuwa Théogène, mwenye mguu mbovu, ambaye hata waliomcheka walimpelekea ugomvi wao awapatanishe. Mstari wa tajiri ulifika hadi barabarani. Nyuma ya Théogène alisimama kaka yangu. Aliniambia baadaye kwamba aligeuka nyuma kutazama nani mwingine amekuja, akaona majani matupu.

Msimu wa kupanda ulipofika, baba alinyang'anywa shamba. Hakumpiga Hilaire wala kumtukana. Alimwuliza tu, jikoni, mbele yetu sote: "Kuamini inakaa mu roho. Sababu ya nini wewe uliamini na miguu?"

Mwezi wa Oktoba 1942 Hilaire aliomba uhamisho, akashuka hadi huku msituni Itebero, akiwa amebeba nguo zake na mfuko wa maharagwe ya mbegu. Maharagwe yenyewe yalioza, kwa kuwa msitu huu una mvua kuliko adabu. Kwa hiyo kila mwaka mimi niliyatoa shambani kwangu na kumtumia. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Tarehe 10 Februari 1945 alifunga ndoa na Dorothée, binti wa Papa Michel, mwindaji wa ng'ambo. Papa Michel, aliyebatizwa akiwa na mvi, alisita kumtoa binti yake kwa mtu wa milimani. Alimpeleka mkwe wake msituni kumjaribu, akampoteza kabla ya saa sita, akalazimika kumtafuta kwa mbwa. Alimkuta ameketi juu ya gogo akiimba zaburi. Alisema, "Huyu haiko na akili ya pori, lakini hana woga. Amuoe." Mwaka 1947 Mungu aliwapa Joséphine-Marie, mtoto wao wa pekee.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wenu mtainamisha vichwa. Hapa Itebero, baraza linaloamua kazi za kijiji, njia ipi ifyekwe na daraja lijengwe wapi, zamani lilikuwa la wazee. Kila ukoo ulileta mzee wake, hata ule wenye nyumba chache, na waliketi mpaka wote wakubaliane. Wakati mwingine walichukua juma zima, na pombe nyingi. Papa Michel aliketi pale kwa niaba ya ng'ambo. Hilaire, aliyekuwa bado anatazama majani ya Muheto, aliona wazee wanawaogopa wenye nguvu kama baba yake alivyomwogopa tajiri. Mwaka 1949 alileta njia mpya. Vyungu vilipangwa nyuma ya ukuta wa mikeka, kila mgombea na chungu chake chenye alama ya jani au unyoya, na kila mwanaume aliingia peke yake akiwa na punje tatu za maharagwe yangu ya Muheto kwa ajili ya viti vitatu. Hakuna aliyeona mwenzake ametia wapi. Hilaire alifurahi kama mtoto. Jioni mlizipika kura zote pamoja na ndizi, mkala.

Lakini Itebero ina watu wengi na ng'ambo ina wachache. Wengi walikubaliana majina matatu, kila mmoja akatia punje zake tatu katika vyungu vilevile vitatu, na viti vyote vikaenda upande mmoja. Ng'ambo walipiga kura kwa uhuru na siri kamili, na wakatoka mikono mitupu. Papa Michel alimwambia mkwe wake, "Zamani tulikuwa tunakaa mupaka wote tunakubali. Sasa munahesabu, munaenda." Hilaire alidhani mzee anaona uchungu wa kupoteza kiti.

Baraza jipya lilijenga kibanda cha soko na kufyeka njia ya kanisani. Daraja la kamba, ambalo ng'ambo waliliomba, liliwekwa la mwisho kila mwaka. Novemba 1952 mto ulifurika, na Papa Michel akashikwa na homa. Mtumbwi haukuweza kuvuka. Zahanati ilikuwa upande huu wa Itebero, moshi wake unaonekana, na mzee alikufa akiutazama.

Maji yalipopungua kidogo, Dorothée alivuka na mtoto kwenda kumzika baba yake, na hakurudi. Hilaire alimfuata mto ulipotulia kabisa. Alimkuta anapepeta mpunga, na hakuacha kupepeta alipomjibu: "Bwana yangu, mimi sikuache. Lakini sitarudia kule mupaka batu ya kwetu bapite huu muto na miguu."

Ndivyo kaka yangu alivyokaa miaka zaidi ya mitano peke yake katika nyumba ya mwalimu. Jumapili alivuka kwa mtumbwi mto ukiruhusu. Siku nyingine, baada ya darasa, aliketi ukingoni hadi Dorothée aje kuchota maji upande wa pili. Waliinuliana mkono, kisha kila mmoja akarudi kwake. Nilipomtembelea mwaka 1954 nilikuta nyumba ina sahani moja, na nililia. Nilimwambia aombe uhamisho arudi nyumbani. Alinijibu, "Nikienda, nani atabaki na kosa yangu?"

Kosa alikuwa amekwisha kuliona, mtu wa hesabu yule. Viti vibaki vitatu, alisema, lakini kila mtu apewe punje moja tu. Hapo walio wengi watalazimika kujigawa katika vyungu kadhaa, na wachache wakikusanya punje zao katika chungu kimoja, watapata kiti kimoja, si zaidi na si pungufu. Siri itabaki, na mdogo naye atasikika. Hapa Itebero mlimcheka. "Mwalimu, sasa unatupunguzia maharagi?" Mlisema anampigania mkewe. Ng'ambo nao walisema ni yeye aliyewaulia mzee, na miaka mingi hawakumkaribisha motoni. Alikuwa akiketi na Dorothée nje, kwenye ngazi. Hakuwa na mtu.

Kilichombeba si hotuba. Watu wa Itebero ya chini waliona hata wao wanaanza kuachwa, maana majina matatu yalitoka Itebero ya juu kila mara. Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Walikuja wenyewe kwa mwalimu, na Julai 1957 kura ikapigwa kwa punje moja. Juu walipata kiti, chini walipata kiti, na cha tatu kikaenda kwa Benoît, mtoto wa kiume wa marehemu Papa Michel.

Siku hiyo Hilaire naye aliwekewa chungu, kwa heshima, walivyosema. Alikuwa na punje moja, akaitia kwa shemeji yake. Walipofungua chungu cha mwalimu, hapakuwa na kitu. Kila mtu alikuwa amedhani mwingine atamtilia. Hakuna aliyekusudia ubaya, nalijua. Alikibeba nyumbani chini ya kwapa, akakiweka juu ya kabati.

Daraja lilikamilika Februari 1958. Dorothée alilipita wa kwanza, kuku mkononi na binti yake nyuma, akaingia nyumbani na kuanza kufagia. Alipokiona chungu aliuliza ni cha nini. "Iko ya kura yangu," Hilaire akasema. "Na ndani?" "Hamuna kitu." Dorothée aliacha ufagio akaketi. Walikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa pamoja, na Dorothée anasema ilikuwa mizuri.

Juni mwaka huu alianza kukohoa damu. Benoît na vijana wa ng'ambo walimbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, hadi hospitali karibu na Mubi, na mwezi wa Septemba wakamrudisha, kwa kuwa dawa haikuwepo. Nilifika Oktoba. Alitaka habari za uchaguzi wa Desemba hii tu, ambapo serikali inasema nchi nzima itapiga kura. Nilimwuliza, "Na banamuke, batapiga kura?"

"Bado," akasema. "Dada, umelima kura yote ya Itebero, na mimi sikukupatia hata moja."

Nilimwambia alale. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 28 Novemba 1959, asubuhi, mkewe akimshika mkono, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Ameacha mjane, Mama Dorothée, binti, Joséphine-Marie, shemeji, Benoît, mimi dada yake, na wanafunzi wa pande zote mbili, ambao leo nawaona mmesimama mmechanganyika.

Neno la mwisho. Asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, Dorothée alishusha chungu kutoka juu ya kabati. Mimi nilikuwa na maharagwe ya Muheto, kwa sababu sijawahi kuja hapa bila maharagwe. Yeye alitia punje moja, nami nikatia moja, na tumekiweka miguuni pake. Joséphine-Marie alitaka kutia yake. Tumemwambia aitunze, atapata pa kuitia. Kaka Hilaire, pumzika kwa amani ya Mungu. Safari hii ukigeuka nyuma, tupo.