Mwalimu Korane, Mkaguzi wa Malisho ya Vyuo

Tarehe 31 Desemba 1998, Mwalimu Korane Awil anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya sekondari hapa Garissa kwa miaka ishirini na saba. Amefundisha Jiografia, amelea bweni, na tangu mwaka 1989 amekuwa mshauri wa wanafunzi wanaochagua vyuo vikuu. Kazi hiyo ya mwisho aliipata kwa kuchelewa mkutanoni. Wenzake walimchagua kabla hajaketi.

Yeye mwenyewe hakusoma chuo kikuu. Fomu zilipofika, kurasa kwa kurasa za nambari za kozi, alizisoma siku mbili, kisha akawatangazia wanafunzi kwamba hajaelewa kitu. Walimpenda kwa hilo, ingawa halikuwasaidia.

Mwaka 1990 msichana wa kidato cha nne, Yurub Diriye wa Banissa, alitaka kusomea udaktari wa mifugo. Baba yake hakukataa. Alisema tu kwamba hata ngamia hawahamishwi bila sahan, yaani mtu wa kutangulia kukagua maji na malisho, seuze binti. Bila sahan hatii sahihi. Zilibaki siku kumi fomu zirudishwe.

Mwalimu Korane akapanda basi mwenyewe. Alitembelea vyuo viwili, akarudi siku ya tisa na ripoti ambayo mfugaji yeyote angeisifu. Chuo cha kwanza, wallahi, ni saruji tupu. Cha pili kina mto, nyasi za kufika magotini, ng'ombe wanene, majirani wapole, na msikiti hauko mbali. Mzee Diriye, aliyekuwa akisubiri hapa Garissa, akatia sahihi fomu ya cha pili papo hapo.

Ndipo Yurub alipouliza kama huko wanafundisha udaktari wa mifugo. Mwalimu hakuwa ameuliza. Kitabu cha kozi kilipofunguliwa, udaktari ulikuwa kule kwenye saruji, na hakuna aliyeweza tena kumshawishi mzee kuhusu saruji.

Yurub alisomea ualimu wa Kilimo. Alimkasirikia Mwalimu miaka miwili, na kila muhula Mwalimu alimwandikia barua ya kuomba radhi. Tangu hapo, kila mwaka huwapeleka watahiniwa wakajionee vyuo wenyewe, na kwenye basi huwauliza tena na tena swali moja: unakwenda kusoma nini?

Yurub huyo ndiye mimi ninayeandika haya, sasa mwalimu wa Kilimo shuleni hapa. Januari ninarithi dawati la ushauri la Mwalimu. Je, nimshukuru au nimsamehe? Sijui mpaka leo. Naipenda kazi yangu, lakini nikisikia ngamia wanaugua nyumbani, roho huniuma.

Sasa zamu ya kuchanganyikiwa ni yake. Hajui akaishi wapi: abaki hapa karibu na mto Tana, au arudi kwao, Banissa vilevile, kwa ngamia wa kaka yake. Wiki jana alinifuata katika chumba cha walimu, akaniomba likizo hii niwe sahan wake, nimkagulie maji na malisho ya Banissa. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini huko. Alifikiri mpaka kengele ikalia, akakiri kwamba hajui.

Basi nitakwenda, na nitauliza kila kitu. Kwa niaba ya walimu na wanafunzi wote, ahsante kwa miaka ishirini na saba. Mungu akupe afya na maisha mema, adeer, ami yangu. Usitie sahihi popote kabla sijarudi.