Bi. Raya, Dishi na Nyuki wa Kalenge

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kuhangaikia mtandao wa watu wengine, Bi. Raya Nassib anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu katika ofisi yetu ya Mpanda. Kamati ya sherehe imenikabidhi kalamu ya jarida hili mimi Ngusa, dereva wake wa miaka yote hiyo. Wenye shahada wapo hapa ofisini, lakini ilipoulizwa nani amekaa na Bi. Raya barabarani zaidi ya alivyokaa na mkewe nyumbani, vidole vyote vilininyookea mimi. Na darasa la saba langu ni lile la zamani, ambalo ukilipima kwa mizani ya leo linakaribia uprofesa.

Bi. Raya ni mtoto wa Kawajense, hapahapa Mpanda, baba yake muuza vitambaa pale Kashaulili. Yeye mwenyewe alianza na meza ya vocha chini ya mwavuli. Nyie vijana hamkumbuki, lakini enzi hizo kuna kona za mji simu ilikuwa inaongea na kona nyingine ilikuwa tochi tu. Bi. Raya aliijua kona inayoongea, akaweka meza yake hapohapo. Mtu akija kutafuta mtandao anamkuta yeye ameshaukalia. Kampuni yetu ya simu ilipofungua ofisi Mpanda iliona heri kumwajiri kuliko kushindana naye.

Akawa afisa mahusiano. Kazi yenyewe ni hivi: fundi anachimba shimo la mnara, lakini Bi. Raya ndiye anayetangulia kwenda kuliomba. Anakaa na wanakijiji, anakula walichonacho, anatukanwa kidogo, anarudi na kiwanja.

Njia tulizopita mimi na yeye zingemliza trekta. Masika moja tulikuta Mto Ugalla umebeba daraja, nikarudi nyuma, nikakanyaga mafuta, tukaruka. Mamba aliyekuwa chini alifungua mdomo, ekzosi ikamkwaruza pua. Bi. Raya atawaambia siku hiyo daraja lilikuwepo. Alikuwa amelala.

Sasa tuje kwenye setilaiti, maana hapo ndipo jina lake lilipokomaa. Minara ya kawaida inapokezana sauti kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Porini huko hakuna wa kupokezana naye, ni miti na nyuki. Kwa hiyo unasimamisha mnara mfupi, sola, betri na dishi moja, sauti inarushwa juu mpaka kwenye setilaiti, nayo inaishusha Dar es Salaam. Bi. Raya alikuwa anawaeleza watu kwamba huu ni mzigo usiopita kwenye maduka ya katikati. Wafanyabiashara walimwelewa papo hapo.

Mama mmoja wa kwetu Usukumani, Minza, aliyehamia na ng'ombe wake, alimwomba dishi ligeuzwe kidogo lielekee Shinyanga, kwa sababu mama yake yuko huko. Kwetu huku dishi linatazama juu karibu wima, kama bakuli linalosubiri uji. Bi. Raya hakucheka. Alimwambia huyo aliyeko juu anaiona Shinyanga na Mpanda kwa jicho moja. Minza akapiga, akaongea na mama yake mpaka salio likakata, halafu akaenda kuushika mguu wa lile dishi na kuushukuru.

Lakini mtihani mkubwa wa Bi. Raya ulikuwa kijiji cha Kalenge, kule Ugalla, mwaka jana.

Kalenge mgonjwa akizidiwa, mtu anapanda baiskeli nusu siku mpaka kilima chenye mtandao ili aite gari. Tulidhani watatupokea kwa ngoma. Wafugaji walitaka. Warina asali wakakataa, na Kalenge warina asali ndio wenye neno. Msemaji wao ni Mzee Ambrosi, mwembamba kama kamba ya kutundikia mzinga, na ana mizinga mingi porini kuliko nywele zangu. Alimsikiliza Bi. Raya mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Nyuki wakihama, mwanangu, tutakula mtandao?"

Mafundi walianza kueleza habari za mawimbi. Bi. Raya akawanyamazisha kwa mkono. Hakujua jibu, na hakujifanya anajua. Alichokuwa nacho ni duka la baba yake.

"Mzee wangu, kwetu kitambaa kilikuwa kinachukuliwa kikajaribiwe nyumbani," akasema. "Na hili lijaribuni. Tundikeni mzinga mtupu kwenye uzio wetu. Mvua ya kwanza ikinyesha nyuki hawajaja, dishi nalishusha mwenyewe."

Wakashikana mikono. Mimi nilikuwa nimeng'ata ufunguo wa gari, nusura niumeze. Dishi si kitambaa, na wala si lake.

Bwana Arcade, mkuu wetu wa kanda, aliposikia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alimwambia Bi. Raya kwamba mali ya kampuni haichezewi kamari na wadudu, na kama dishi hilo litashuka, basi yeye atatangulia kushuka, sherehe ya kustaafu asahau. Miaka yote ile ikawa imening'inia kwenye uzio mmoja wa porini pamoja na mzinga mtupu.

Dishi likawaka. Wafugaji wakawa wanauliza bei ya mnadani kabla ya kuswaga ng'ombe. Mama mmoja alishikwa na uchungu, gari likaitwa na kufika jua bado liko juu. Dereva wake alinipigia mimi kuuliza njia, ndiyo maana hakupotea. Lakini mapatano ni mapatano. Miombo ikachanua, nyuki wakapita juu ya Kalenge makundi kwa makundi, na mzinga wetu hawakuutazama. Mzee Ambrosi alikuwa anautegea sikio, anatikisa kichwa, anaondoka. Kila asubuhi Bi. Raya alipiga simu kuuliza kama wageni wamefika. Akijibiwa bado, anaagiza chai na haimalizi.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Asubuhi moja akapiga Kalenge, simu haikwenda. Fundi wetu Uwesu akatazama mitambo yake akasema dishi limekufa. Tukaondoka. Mwendo niliokwenda nao siutaji, trafiki nao wanasoma jarida hili.

Tulikuta kijiji kizima kimezunguka uzio. Mbele ya dishi kuna mkono wa chuma, na mwisho wa mkono kuna kitu kama ngumi kinachotazama bakuli. Hapo ndipo sauti inapoingilia na kutokea. Ngumi haikuonekana. Kundi la nyuki lilikuwa limeing'ang'ania, linaning'inia kama ndevu za beberu. Kwa makadirio yangu, ambayo huwa hayakosei, lilikuwa na ukubwa wa ndama. Na mzinga uko palepale kwenye uzio, mtupu. Ng'ambo ya mto radi ikaguna.

Ugomvi ukazuka. Warina asali vijana wakasema mapatano yalikuwa nyuki waje, wamekuja kwenye dishi siyo kwenye mzinga, kwa hiyo tumeshindwa. Wafugaji wakawauliza kama mgeni akikaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba, hajafika? Wote wakamgeukia Mzee Ambrosi. Alikuwa anatazama juu kama mtu aliyeletewa posa.

"Tulisema nyuki waamue," akasema. "Wamelikalia. Hakuna aliyewahi kukalia anachokiogopa."

Furaha haikudumu. Uwesu alieleza kwamba nyuki wakibaki pale mtandao hakuna, na wakifukuzwa wataingia msituni na dishi litabaki bila shahidi. Bi. Raya akamsogelea Mzee Ambrosi, akamwomba awahamishie mzingani. Mzee akakubali, ila kwa sharti.

"Napanda mimi. Mzinga anashika aliyeuomba."

Ili mwelewe uzito wa neno hilo: Bi. Raya ni yule aliyepanda juu ya meza ya mhasibu kwa ajili ya mende, na mende mwenyewe alikuwa ameshakufa. Ningejitolea mimi, ila utaratibu wa kampuni hauruhusu dereva kuacha gari. Nikapandisha vioo, mkoba wake nikiwa nao.

Alijifunga kanga moja kichwani na nyingine usoni, akaukumbatia ule mzinga wa magome, mdomo juu, akasimama chini ya nyuki. Midomo ilikuwa inatembea kwa dua. Mzee Ambrosi alipanda ngazi, akapuliza moshi kidogo, akatikisa ule mkono wa chuma mara moja. Nyuki wakaporomoka mzingani kama nafaka. Waliobaki wakamtembea mabegani, shingoni, kwenye kope. Hakuuachia. Mzee akishuka taratibu na tawi lake akiwapangusa waingie, ndani ya gari simu ikalia. Ilikuwa mkobani, na mpigaji ni Bwana Arcade.

Nikapokea. Akataka kujua Raya yuko wapi, anamtafuta tangu asubuhi.

"Bosi, ameshika nyuki. Akimaliza atakupigia."

Nadhani alikuwa anatafuta neno la kunifukuzia kazi. Kisha akauliza taratibu:

"Ngusa, hiyo simu unaipokelea wapi?"

"Kalenge."

"Kalenge ina mtandao?"

"Umeingia sasa hivi, bosi. Na nyuki nao wameingia."

Mvua ya kwanza ilitukuta bado tunacheka, na Bi. Raya bado hajafungua macho.

Mzinga uko kwenye uzio mpaka leo. Mwezi uliopita tulipeleka betri mpya, Mzee Ambrosi akatuita tuuone. Huko Ugalla kila mrina asali anachonga alama yake kwenye mzinga, na ukigusa wenye alama ya mwenzako umegusa ukoo wake. Mzinga wetu ulikuwa na alama mpya: bakuli, na ngumi mbele yake. Mzee akamwambia Bi. Raya hiyo ni alama yake, na kwa mila zao mwenye alama hariniwi asali yake na mtu mwingine, anakuja kuirina mwenyewe kila msimu. Bi. Raya alipitisha kidole kwenye ile michoro, mstari kwa mstari, kisha akarudi kwenye gari.

Asante, dada yetu Raya, kwa viwanja ulivyotuombea na matusi uliyoyapokea kwa niaba yetu. Bwana Arcade ameniruhusu niandike kwamba sherehe hii kaisimamia yeye mwenyewe. Kapumzike vizuri, afya ikufuate, wajukuu wakuchoshe, na mzinga wako uwe mzito kila msimu. Msimu ukifika piga simu, gari nitakuwa nimeliosha. Daraja likiwa halipo, wewe lala.