Gogo Tulilolikalia

Kijiwe chetu hakina benchi, kina gogo. Upepo wa mwaka jana uling'oa mti mkubwa ukaulaza mdomoni mwa uchochoro wetu, ukuta kwa ukuta. Watu wa manispaa wakaja na gari, wakakata matawi, wakapiga picha, wakasema watarudi kuchukua shina. Shina bado lipo, na kwa juu limekwisha kulainika kwa makalio ya watu. Kila asubuhi muuza kahawa hutua jiko lake kando yake, na waheshimiwa hujipanga: Redio, kinyozi asiyenyamaza hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu, Injinia, anayetengeneza feni na chochote kinachofanana na feni, na Seremala, mzee wa maneno machache na vikombe vingi. Mimi wananiita Bi Hoja, kwa sababu ya midahalo ya chuoni. Nyuma ya gogo, ndani kabisa ya uchochoro, naishi na shangazi yangu, fundi wa nguo, na kiti chake cha magurudumu. Mwenye miguu huinua sketi akavuka. Kiti hakina sketi ya kuinua.

Siku hiyo nilivuka nikiwa nimekuja kugombana. Cherehani ya shangazi iko ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya duka, imefunikwa shuka. Ukikaa kwenye gogo unaiona. Mwenye duka alikuwa ametuma neno: ikifika adhuhuri mwenye cherehani hajakaa pale, nafasi anampa fundi wa simu. Si mtu mbaya, ila baraza yake si stoo. Na kumbeba shangazi hakuna tena. Walimbeba mara moja, Redio mbele, Injinia nyuma, wakaanza kubishana nani amfuate nani, kiti kikalala upande. Shangazi alirudishwa chini akasema, "Mimi si kabati," na huo ukawa mwisho.

Injinia alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia. Juu ya gunia ulilala ule msumeno wa injini alioununua kwa wauza vyuma chakavu ili akate gogo: wa zamani, chuma kitupu, mzito kama mtungi wa gesi. Tangu aununue haujawahi kukohoa, sembuse kunguruma. Lakini unang'aa. Ameupiga msasa, ameupaka rangi nyekundu, na mpini ameuvisha ngozi ya kiti cha pikipiki.

— Shikamooni. Umewaka?

Injinia: Marahaba, mwanangu. Iangalie rangi kwanza. Nimekwangua kutu mpaka nikaikuta rangi yake ya kuzaliwa.

Redio: Ya kuzaliwa ilikuwa chungwa. Nyekundu hiyo umeizua wewe.

— Anko, nimeuliza kama umewaka.

Injinia: Mashine ya umri huu huikurupui, Bi Hoja. Unaiandaa kisaikolojia.

Redio: Tatizo petroli, nimesema tangu siku ya kwanza. Petroli ya siku hizi nyepesi. Ya zamani ukiimwaga chini ilikuwa inasimama.

Seremala: Inasimama?

Redio: Inasimama kwanza, inaangalia pa kwenda.

Injinia: Petroli haina kosa, nimechanganya na oili vizuri. Plagi nimeisugua, cheche zinatoka. Kabureta nimeifungua nikaipuliza mpaka masikio yakaziba. Tatizo ni joto. Kitu hiki kimetoka nchi za baridi. Kikiamka huku kinakuta jua, kinadhani kimeshafanya kazi kutwa nzima. Kinajizima kabla hakijawaka.

— Kinajizima kabla hakijawaka. Anko, umejisikia?

Injinia: Ndiyo maana nataka nikilaze kwenye friza ya bucha, hata usiku mmoja tu.

Redio: Asubuhi utakikuta kimeuzwa kwa kilo. Achana na baridi, mimi nakwambia kitu kingine. Msumeno huo umekata misitu mingapi? Mapaa mangapi ya watu yamesimama kwa jasho lake? Sasa uzeeni umetubu. Ukiusogezea gogo, unageuza uso.

Seremala: Misumeno haitubu.

Redio: Wewe umejuaje? Umeshawahi kuuliza wa kwako?

Seremala akanywa kahawa.

Injinia: Toba labda. Lakini mimi naona ni kinyongo. Tuna mazoea ya kuusema vibaya ukiwa hapa hapa. Kuanzia leo, tukitaka kuujadili, tusogee pembeni.

Na wallahi alisogea. Akamshika Redio mkono, wakaenda hatua chache, wakaendelea kunong'ona habari za kabureta ili msumeno usisikie.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilisimama mbele yao kama nasimama ukumbini, nikawapa yote. Nikawaambia kuna binadamu mzima nyuma ya gogo hili, mwenye mikono inayojua kazi, amefungiwa na kipande cha mti na uvivu uliopakwa rangi nyekundu. Nikawaambia mwezi mzima umeliwa na mjadala wa chungwa na nyekundu. Nikawaambia mtu aliyekalia mlango wa mwenzake, halafu akamwonea huruma, huruma yake aitie kwenye kikombe anywe nayo. Nikawaonyesha cherehani ng'ambo. Nikawaonyesha jua lilipofika.

Walinisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza Redio akapiga makofi.

Redio: Umesema. Hapo kwenye kikombe umesema sana. Chuo kinawafunza.

Injinia: Kaa, mwanangu, umechoka. Mpe kahawa huyu.

Wakanisogezea nafasi katikati. Nikakaa. Nikapokea kikombe.

Nilikuwa bado napuliza moshi wa kahawa nilipomwona mwanamke amesimama mbele yetu, mjamzito, tumbo limetangulia, kitambaa kimekunjwa kwapani.

— Habari za hapa. Namtafuta fundi wa nguo wa pale barazani. Nimeambiwa kwake ni huku.

Redio: Ni huku huku, dada. Umefika.

— Napitia wapi?

Redio akaonyesha gogo. Yule dada akaliangalia, akaliangalia tumbo lake, akarudisha macho kwa Redio.

Redio: Tunaweza kukuwekea stuli upande huu na stuli upande wa pili.

Injinia: Au subiri kidogo tu, dada yangu. Gogo hili lote tunaliondoa. Mashine ndiyo hii, imebaki kuwaka.

— Lote?

Injinia: Lote. Shangazi yake huyu anatumia kiti cha magurudumu, hawezi kutoka.

— Pole yake. Kiti chenyewe kina upana gani?

Injinia akamtazama Redio. Redio akamtazama Seremala. Seremala akageuza kikombe kitupu. Wakaniangalia mimi. Kiti kile nakisukuma mimi kila siku ya Mungu. Najua gurudumu lipi linalia, najua breki ya upande gani imelegea. Upana wake sikuujua.

— Mbona unauliza? nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

— Nauliza tu, mdogo wangu. Mimi nikitaka gauni, fundi ananipima mimi. Hakati jora zima la dukani.

Nyuma yetu tukasikia lile gurudumu linalolia. Shangazi alikuwa anakuja kwenye gogo, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

Shangazi: Nani huyo anaongea maneno ya maana hapo mbele? Karibu, mama. Nyie simameni.

Tukasimama wote, vikombe mkononi. Akapima upana wa kiti chake, kuanzia nje ya gurudumu hili hadi nje ya lile, akaongeza viganja viwili ili asichubue vidole, akainama akailaza futi juu ya gogo. Kisha akatoa chaki yake ya nguo akachora mstari, akachora na wa pili.

Shangazi: Hapa na hapa. Nataka mlango mimi, sitaki uwanja.

Injinia: Na kinachobaki huku na huku?

Shangazi: Kinachobaki kalieni. Kuna aliyewafukuza?

Seremala aliweka kikombe chini. Akaondoka bila kuaga kuelekea karakana yake kwenye kona, akarudi na kitu kirefu kilichoviringishwa gunia. Alipokifungua, kikatoka msumeno wa mkono, ule wa watu wawili, mpini huku na mpini kule, meno yamepakwa mafuta.

— Babu, ulikuwa nao muda wote huu?

Seremala: Ninao.

— Na ukakaa kimya?

Seremala: Mlikuwa mnasema liondoke lote. Likiondoka lote, mimi naenda kukaa wapi? Kule kwangu kuna viti vizuri tu, nimevitengeneza mwenyewe. Havina watu.

Jibu nilikuwa nalo, kali kabisa, nililimeza na kahawa iliyobaki. Ng'ambo, fundi wa simu alikuwa ameshafika na meza yake ya kioo, amesimama anapima baraza kwa macho.

Seremala akashika mpini wa kwake. Redio akatazama kucha zake. Injinia mikono yake ilikuwa imejaa, alikuwa amepakata mashine. Nikavua kandambili, nikakanyaga ardhi vizuri, nikashika mpini wa pili. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote. Msumeno ukajikunja, ukakwama.

Seremala: Usisukume. Wewe vuta tu, halafu niachie na mimi.

Nikavuta. Nikamwachia. Akavuta. Unga mweupe ukaanza kutiririka kwenye mstari wa chaki. Shangazi akaviringisha futi shingoni, akapaza sauti juu ya vichwa vyetu mpaka ng'ambo.

Shangazi: Wewe wa simu, usiiguse hiyo shuka. Nakuja.

Tulikuwa tumefika nusu ya mkato wa kwanza, jasho linaniingia machoni, Injinia alipovuta kamba ya mashine yake kwa mara nyingine, nadhani kwa mazoea tu. Msumeno mwekundu ukakohoa. Mara moja, moshi kidogo. Redio akaruka. Muuza kahawa akaacha jiko. Mimi na Seremala tukasimama, mikono kwenye mipini, tukageuka kuangalia.

Shangazi: Msigeuke. Kateni.