Mgeni Aliyesimama Uani

Siku ile, kwenye benchi la kahawa la Wahabu pale Bwera, walikuwepo Wahabu mwenyewe na birika lake. Muniru mwenye lori la chumvi, aliyeitwa Bwana Reli kwa sababu tangu reli ifike Kasese hakuwa na hadithi nyingine. Semu, aliyeitwa Afande kwa kuwa alipigana Burma. Maate, aliyeitwa Jaji kwa kushinda kwenye baraza la gombolola, mahakama ya tarafa, akisikiliza kesi zisizomhusu. Na Yunia wa Kyarumba, ambaye hakuwa mtu wa benchi hilo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kulifuata lori la chanjo ya ndui. Jana yake lilifika kwao, dawa ikaisha yeye na nusu ya kilima wakiwa bado kwenye foleni. Aliambiwa limelala Bwera. Alipofika, lilikuwa limekwisha kwenda zake. Maate alimpisha kivulini, Semu akakunja koti lake la jeshi likawa godoro la mtoto, na Wahabu akammiminia maziwa bila kutaja bei. Yunia aliyaona yote hayo, lakini hasira ilikuwa bado mbele.

— Wamechanja watu wa barabarani tu, — alisema. — Sisi wa juu si watu?

— Dada, dawa inakuja na reli, — Muniru akajibu. — Na reli inashusha saruji kwanza, halafu pombe ya Wazungu, halafu viti vyao. Dawa iko chini kabisa, imelaliwa.

— Reli, reli! Dawa ilikuja na lori, wee Muniru.

— Na lori iliipata wapi, Afande?

— Nyinyi hamjui kesi, — Maate akaingilia. — Hiyo dawa imevuka mto. Saa hii iko Kongo, inauzwa kwa faranga.

— Uliona? — Muniru aliuliza.

— Jaji haoni. Anasikia.

— Mimi nasema makarani wamejichanja wenyewe, — alisema Semu. — Mkono huu, mkono ule, na paja. Jeshini nilimwona mtu amechanjwa mpaka kisigino, kwa uoga.

— Na wake zao, — Wahabu akacheka. — Na ng'ombe za wake zao.

Muniru aliweka kikombe chini.

— Basi niwaambie kweli. Kuna ndege ilipita juu mwezi jana, ilikuwa inahesabu mabati. Bati moja, dawa moja. Kyarumba mko na nyasi na migomba. Rubani alitazama chini, akaona ndizi.

— Ndizi haziugui ndui! — Yunia alipaza sauti mpaka Masika, mwanawe, akashtuka usingizini. — Ugonjwa uko nyumba ya pili kutoka kwangu! Sasa huyu afe kwa sababu sina bati?

Wahabu alianza kujaza vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Hapo ndipo alipofika Vasta, muuza mawese kutoka ng'ambo ya mto, na Kiswahili chake cha Kongo. Alitua debe lake, akapewa kahawa, akasikiliza huku akiipuliza.

— Mama, — alimwuliza Yunia, — kule kwenu bagonjwa beko ngapi?

Yunia alimtazama Maate. Maate alimtazama Semu. Semu alitazama ndani ya kikombe.

— Wengi.

— Wengi ni ngapi? Mutu wa dawa alijua namna gani?

— Mtu wa afya alipita! Kila nyumba. Alisimama uani, kofia kichwani, akauliza, "Habari ya hapa?"

— Na wewe ulisema?

— Nzuri.

— Nzuri!

— Ningesema nini? Alisimama! Nilimletea kigoda, hakukaa. Nilimletea maji, hakunywa. Utamwambiaje habari ya ugonjwa mtu aliyesimama, kama unamfukuza?

Benchi zima lilimwunga mkono.

— Haiwezekani! — Maate alipiga goti. — Kwetu mgeni anakaa, anakula, ndipo unamwambia.

— Hata adui unampa kiti, — alisema Muniru. — Huyo hana adabu!

— Sawa, hana, — Vasta alisema. — Na jirani yako alimujibu nini?

— Nzuri.

— Na ule wa juu yake?

Kilima kizima kilikuwa kimesema nzuri.

Semu alikohoa. Alipozungumza, sauti yake ya amri ilikuwa imeshuka.

— Mpishi wetu kule Burma hakupikia watu aliowaona. Asubuhi tuko wachache, jioni wengine wanashuka kutoka msituni. Aliuliza, juzi walishuka wangapi? Na jana? Wakizidi mara mbili, na yeye anazidisha unga mara mbili. Siku moja aliambiwa hesabu ya uongo, tukalala njaa. Mpishi hakuwa mbaya. Unga ulifuata maneno.

— Kwa hiyo? — Maate aliuliza.

— Kwa hiyo hawa wa chanjo walipikia watu wa "nzuri".

— Basi angekaa! — Yunia alilia sasa, kwa hasira. — Watu wanakufa kwa sababu mtu hakutaka kukunja magoti!

— Dada, — Muniru alisema polepole, — lori yangu inakwenda Kasese leo. Nikimwambia daktari "wengi", atanifukuza. Sema. Hapa umekaa, umekunywa.

— Kwetu watoto wa watu hawahesabiwi kwa kidole.

— Usihesabu, — Wahabu alimwambia. — Wewe taja nyumba. Mimi naweka vikombe.

Alipangusa meza. Semu aliuliza wagonjwa wa juma la kwanza, kisha la pili, kisha hili. Yunia alitaja nyumba, moja baada ya nyingine, na kila mgonjwa akapata kikombe kilichopinduliwa. Mstari wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili ulikuwa mara mbili yake. Wa tatu ulifika ukingoni mwa meza, na vikombe vya Wahabu vikaisha.

— Na mstari wa juma lijalo? — Semu aliuliza, kidole chake kikiwa hewani, nje ya meza.

Yunia alikuwa bado kwenye mstari wa tatu.

— Bado mtoto wa Loyi, nyumba ya pili kutoka kwangu, — alisema.

Wahabu alichukua kikombe mkononi mwa Muniru, akamwaga kahawa chini, akakiweka. Muniru alisimama. Alivitazama vikombe mpaka vikamwingia kichwani, kisha akaenda kuwasha lori.

Lori la chanjo lilipanda Kyarumba Jumatano iliyofuata na dawa ya kutosha, na Masika akachanjwa bega la kushoto. Mtoto wa Loyi alikuwa amezikwa Jumatatu.